Agreeable Gray au Repose Gray: ipi ya sebuleni?
Kwenye kadi ya rangi ya Sherwin-Williams, kampuni ya Marekani ya rangi za kuta, utadhani rangi hizi mbili za kijivu ni mapacha. Kiwango cha kuakisi mwanga ni 60 kwa Agreeable Gray (SW 7029) na 58 kwa Repose Gray (SW 7015), tofauti ambayo macho hayaioni. Kinachozitenga ni rangi iliyojificha ndani: ya kwanza inaegemea beji (hudhurungi hafifu sana), hivyo hupatana na mbao na vigae vya rangi ya udongo. Ya pili ni kijivu zaidi, na jua likipungua huweza kuonyesha uzambarau kidogo, jambo ambalo wengine hulipenda, mimi la. Sebule ya Marekani yenye dirisha la kaskazini hupata mwanga uliopoa. Hapo ningepaka Agreeable Gray bila kusita. Repose Gray ningeipeleka bafuni, penye marumaru nyeupe.