Wembe wa mjomba, sabuni ya zamani na maji ya mvua: uzoefu wangu

Huu ni mwaka wa pili nanyoa ndevu kwa wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani, na sabuni ya kunyolea ya Palmolive ya kijiti. Vyote niliachiwa na mjomba wangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa baharia. Wembe umegongwa jina la Solingen, mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe. Sabuni niliikuta bado imeviringishwa karatasi yake ya fedha, imekauka hadi ikapasuka, lakini harufu ipo vilevile kama alivyokuwa akinukia mjomba siku za Idi.

Kilichonisukuma kujaribu ni vipele. Ndevu zangu ni za kipilipili, na unywele wa namna hiyo ukikatwa chini ya ngozi hujikunja na kuota kwa ndani. Vile vishikio vya kisasa vyenye nyembe tatu au nne huuvuta unywele kwanza ndipo huukata, kwa hiyo shingo yangu ilikuwa haiponi. Wembe mmoja hukata usawa wa ngozi tu, mradi ufuate ndevu zinakolalia.

Miezi miwili ya mwanzo nilikaribia kukata tamaa. Nilimpa wembe fundi mmoja wa kunoa visu anayepita mtaani na baiskeli. Jiwe lake ni la visu vya jikoni, akanirudishia makali yana mapengo. Ikabidi niagize vinoo viwili, cha namba 1000 na kile laini cha 8000, nikajifunza mwenyewe.

Halafu povu, na hapa ndipo wengi wa Dar mtakwama. Kwetu Tabata tunatumia maji ya kisima, yana chumvi na chokaa. Sabuni ikikutana nayo inakatikakatika kama maziwa yaliyochacha, inaacha utando mweupe kwenye beseni. Nikailaumu sabuni kwamba imezeeka. Masika ilipoingia nikakinga ndoo moja ya maji ya mvua kwenye bati, nikajaribu tena. Jamani! Nilisugua kijiti kwenye shavu lililolowa, nikapitisha brashi kwa kuzungusha, nikaongeza maji tone kwa tone, na lile povu likapanda taratibu, zito, linang'aa kama mtindi mzuri, halikauki hata feni ikiwaka. Wembe ukapita juu yake bila kukwaruza, nasikia tu sauti ndogo ya ndevu zinavyokatika. Tangu siku hiyo naamini sifa tunazoupa wembe nusu yake ni za sabuni na maji.

Brashi yangu ni ya singa za farasi. Zipo nyingi za nywele za nguruwe, ulizeni kabla ya kununua kama jambo hilo linawahusu.

Kabla ya kunyoa naupitisha wembe mara arobaini kwenye ukanda wa ngozi niliokatiwa na fundi viatu, mgongo ukitangulia, makali yakifuata nyuma. Ukikosea hapo unaukata ukanda na kuuharibu wembe kwa pamoja. Usoni naulaza, mgongo ukae karibu na ngozi, mkono mwingine unavuta shavu. Nikijikata napaka shabu iliyolowa. Inauma kidogo, damu inakata.

Jambo la kuzingatia sana ni kutu. Joto na unyevu wa Dar havina huruma na chuma cha aina hii. Mimi naufuta mkavu kabisa, napaka tone la mafuta ya cherehani, na siuachi bafuni hata usiku mmoja.

Shingo imepona, alama nyeusi zimefifia, na dakika ishirini za Jumamosi asubuhi nazingojea wiki nzima. Sabuni imebaki kama kidole gumba. Mwenye kijiti cha zamani kilicholala kwenye sanduku la baba au babu asikitupe, anitafute, nitanunua.