Programu ya hadithi za watoto: uzoefu wangu hapa Lamu

Mwanangu yuko gredi ya pili na kusoma kulikuwa kukimchosha. Ndipo nikalipia programu ya akili bandia (AI) inayomtungia mtoto hadithi zake mwenyewe. Unaijaza jina, umri, mambo anayoyapenda na kiwango chake cha kusoma, nayo inaandika kisa na kuchora picha, yeye akiwa ndiye shujaa.

Kuona jina lake kulimfurahisha mno, ila furaha hiyo ilipoa upesi. Kilichomshika ni ngazi za usomaji. Ukichagua ya chini, sentensi huwa fupi na maneno mapya hurudiwa kurasa kadhaa. Akikwama, hugusa neno likatamkwa. Sasa anamaliza kisa kizima na kumsomea bibi yake barazani. Kwa hilo peke yake naisifu programu hii kwa moyo wote.

Picha ni habari nyingine. Niliandika tu kwamba tunaishi Lamu, ikachora gari likipita kwenye kichochoro cha Mji wa Kale, mahali ambapo punda mwenye mzigo akija inabidi ujibanze ukutani! Jahazi nalo likapewa tanga la mraba. Mitambo hii huchora kwa kufuata yale iliyolishwa, na mambo yetu humo ni haba. Nilipoeleza kwa kirefu, punda, milango ya nakshi, mafundi wa majahazi wa Matondoni, tanga la pembetatu, hadithi ikaanza kufanana na kwetu. Hata hivyo kofia ya shujaa hubadilika rangi kila ukurasa, na Kiswahili chake huteleza: "kitabu yangu" nimeikuta zaidi ya mara moja. Kwa mtoto anayejifunza kusoma, hilo ni kosa kubwa. Kwa hiyo huisoma kila hadithi mimi kwanza.

Picha ya uso wa mtoto nimekataa kuipakia. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inataka idhini ya mzazi, lakini kitufe cha "nakubali" hakinielezi picha itahifadhiwa wapi wala itafutwa lini.

Asiyetaka kulipa aangalie African Storybook, maktaba ya hadithi za watoto iliyoko mtandaoni. Hadithi zake ni za bure, za Kiswahili zimo, na unaweza kuibadilisha iliyopo, ukaweka jina la mwanao na mtaa wenu kwa mkono wako.