Servo za SG90 kwa kichwa cha roboti: uzoefu wangu

Ukitaka kichwa cha roboti kinachogeuka na kuinama bila kumaliza mfuko, servo za SG90, yaani mota ndogo zinazogeuka hadi pembe unayoziamuru, zinatosha, mradi kichwa chenyewe kiwe chepesi. Nilizipata Luthuli Avenue, Nairobi, kila moja chini ya shilingi 500, pamoja na fremu ya plastiki inayobeba servo mbili: ya chini hugeuza shingo, ya juu huinamisha kichwa.

Fuvu nililikata kwenye katoni. Macho ni sensa ya HC-SR04, ile yenye vikombe viwili vya duara, na inapima umbali wa kuanzia sentimita 2 hadi mita 4. Kichwa kinazunguka polepole kikitafuta. Kikikuta mtu karibu, kinasimama na kumkazia macho. Wanangu hawachoki kupita mbele yake.

Kilichonifurahisha zaidi ni mwendo. Ukiiamuru servo iruke kutoka nyuzi 40 hadi 120 kwa mara moja, kichwa kinashtuka. Nikaandika programu iisogeze nyuzi moja moja, ikitua milisekunde 15 kila hatua, na sasa kinageuka kama nyanya aliyeitwa akiwa barazani. Hapo ndipo katoni inapopata uhai.

Umeme wa servo usiuchukue kwenye bodi ya Arduino, ile kompyuta ndogo inayoendesha programu. Servo mbili zikianza kwa pamoja huvuta mkondo mwingi ghafla, na bodi inaweza kujizima na kuanza upya. Mimi natumia betri nne za AA za kuchaji, jumla volti 4.8. Waya wa kahawia, yaani hasi, lazima uungane na hasi ya betri na ya bodi pia, la sivyo ishara inayopita kwenye waya wa rangi ya chungwa haitaeleweka.

Ubovu wake ni gia za plastiki. Mtoto akikizungusha kichwa kwa nguvu, meno yanakatika. Pia ubora hutofautiana: moja niliyouziwa ilikuwa inatetemeka hata bila mzigo, na muuzaji akakataa kuibadilisha. Sisitiza ijaribiwe pale pale kaunta kabla hujalipa.

Kwenye shingo nimeiacha SG90. Ya kuinamisha nimeibadilisha na MG90S yenye gia za chuma, kwa kuwa ndiyo inayobeba uzito muda wote; bei yake iko juu kidogo, lakini kwa kazi hiyo ningeinunua tena.