Gauni la elfu tatu na liwa ya jiwe: uzoefu wangu wa kununua Ngamiani

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza kila nikivaa lile gauni la kijani. Shilingi elfu tatu, Ngamiani, Tanga mjini, kwenye lundo la chini la mitumba. Fundi akachukua elfu mbili. Jumla elfu tano, na mpaka leo halijachuja wala kufumuka, na kwenye harusi moja Makorora kuna dada nusura anivue gauni hilo.

Mitumba ya Tanga ina faida moja ambayo kwa maoni yangu Dar imeshaipoteza. Kule Dar, vijana wanaouza mtandaoni wanawahi alfajiri, robota linafunguliwa nao wamesimama juu yake, na nguo ya zamani inaondoka pale na bei mpya kabisa. Tanga meza nyingi bado zinapanga bei kwa kuangalia upya wa nguo na jina lililoandikwa kwenye kola. Chenye jina kinatundikwa kwenye henga. Cha zamani, kilichokunjamana, chenye lebo isiyofahamika, kinarushwa chini, mara nyingi kwa buku au buku mbili. Mimi huanzia chini, na mara nyingi naishia hukohuko.

Siangalii rangi kwanza. Naingiza mkono lundoni napapasa, maana pamba nzito, kitani na hariri vinajulikana kwa vidole kabla ya macho. Nikishika kitu kizito kidogo, chenye ubaridi, nakivuta nje na kukigeuza ndani. Nguo ya zamani iliyoshonwa kwa utulivu inajieleza kwa ndani: mishono imepigwa pasi ikafunguka pande mbili, kingo zimefungwa zisichanike, upindo umeshonwa kwa mkono na kwa nje huoni hata uzi.

Lile gauni nililigeuza palepale mezani.

"Dada, hilo la kibibi," muuzaji akasema, akinisogezea lingine la maua. "Chukua hili, elfu nane tu, bado jipya."

"La kibibi shilingi ngapi, kaka?"

"Nipe nne."

"Zipu ngumu hii. Mbili."

"Basi tatu, tusiudhiane."

Zipu ilikuwa ya chuma, na ugumu wake ulikuwa wa kukaa muda mrefu bila kutumika. Nilipofika nyumbani niliisugua kwa kipande cha mshumaa, ikateleza. Shida ilikuwa kiunoni, lilinibana. Kwa gauni la siku hizi hapo ndipo mwisho, kwa sababu kiwandani wanaacha kitambaa kidogo sana pembeni mwa mshono, na fundi hana cha kuachia. Nikalipeleka kwa fundi ninayemtumia, mzee mmoja anayeshonea barazani kwa cherehani ya miguu. Nikamwamkia, akaitika, akavaa miwani, akapitisha kidole gumba ndani ya mshono kutoka kwapani hadi kwenye nyonga. Kila upande kulikuwa na kitambaa cha akiba, upana wa vidole viwili.

"Huyu aliyeshona, mwanangu, alijua mwenye gauni atanenepa," akasema.

Akaachia pande zote mbili, akapiga pasi ya mkaa, na alama ya mshono wa mwanzo ikabaki kwa mbali sana, huioni mpaka uambiwe.

Lebo yake ilikuwa imeandikwa "Made in West Germany". Ujerumani mbili ziliungana Oktoba 1990, kwa hiyo gauni hilo limenizidi umri, hata nikilihesabia ujana wa mwisho. Nchi zilizobadilika namna hii zinasaidia kukisia umri wa nguo kuliko kitu chochote. Ukikuta lebo imetaja "British Hong Kong", ujue ni kabla ya 1997, mwaka Hong Kong iliporudishwa China. Kwenye blauzi za Kimarekani natafuta kilebo kidogo kilichoshonwa pembeni chenye herufi ILGWU. Hicho kilikuwa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya nguo za kike, na mwaka 1995 kiliungana na kingine kikaacha kutumia jina hilo. Blauzi yangu ya kola ndefu ina kilebo hicho, na niliinunua kwa buku jero. Marekani pia ililazimisha viwanda kuweka maelekezo ya kufua kuanzia 1972, hivyo blauzi yao isiyo nayo huenda ni ya kabla ya hapo, ila hapo tuwe waangalifu, lebo hukatwa na watu zikiwawasha shingoni.

Jinzi sizungumzii sana. Wanaume wa Tanga wanazijua kuliko mimi, na Levi's yenye kilebo chekundu kilichoandikwa kwa E kubwa, iliyoachwa 1971, sijawahi kuiona lundoni. Ikipita hapa, inapita usiku.

Makoti, sasa, ndiyo siri ya mji huu. Nani atavaa koti la sufu Tanga, Februari, kaskazi ikivuma na shati limekuganda mgongoni? Hakuna. Kwa hiyo makoti na masweta mazito ya sufu yanauzwa bei ya kutupa, isipokuwa pale wafanyabiashara wa milimani wanaposhuka kuyachukua, kwa sababu Lushoto ni mkoa huuhuu wa Tanga na mwezi wa sita na wa saba kule baridi inauma kweli. Nimemnunulia shangazi yangu wa Lushoto koti refu lenye bitana ya satini na mifuko ya ndani kwa elfu sita. Kagueni matundu ya nondo tu: linyanyueni koti mbele ya jua, mtaona.

Nisichokipendekeza ni viatu na mikoba. Raba za zamani zenye soli ya sponji laini zinaonekana safi kabisa, hazijawahi kukanyaga tope, na ndiyo zinazodanganya. Soli za namna ile zinaozeshwa na unyevu wa hewa hata zikiwa kabatini, na Tanga unyevu ni wa mwaka mzima. Unavaa, unatembea mpaka barabara ya nane, soli inameguka unaiacha njiani vipande vipande. Mikoba ya ngozi bandia ni ugonjwa uleule, juu inabanduka kama ngozi iliyoungua na jua. Ngozi halisi haina shida hiyo. Ikunjeni kidogo, itafanya mikunjo midogo midogo, na upande wa nyuma ina nyuzinyuzi laini. Nguo za ndani za mtumba TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ilishazipiga marufuku. Zinauzwa bado, tena hadharani, nami nazipita.

Harufu ya mtumba ndiyo inayowashinda wengi. Mama yangu mkubwa mpaka leo anaziita kafa Ulaya na hataki ziguse kitanda chake. Yeye alikulia enzi ambazo mitumba haikuwa ikiingia nchini kwa wazi, mpaka biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980, na dharau ile haijamtoka. Mimi naloweka usiku kwenye maji yenye siki na chumvi kidogo, nafua asubuhi kwa sabuni ya mche, naanika kivulini zile za rangi kali. Zikikauka vizuri nazifukiza. Chetezo, makaa yaliyokwisha kutulia, kipande cha udi, kitenga juu yake, nguo juu ya kitenga. Pamba na sufu zinashika udi ukakaa. Poliesta haishiki vizuri, na ikikaribia moto inayeyuka, kwa hiyo hiyo siifukizi.

Hapo kwenye udi ndipo nilipohamia kwenye vipodozi, kwa sababu nilikuwa nanunua udi Mgandini na muuzaji, bibi mmoja mwenye meza ya hina, karafuu, ubani na vichupa vya marashi, akaniambia usoni mwangu kuna "dawa ya dukani".

Alikuwa anasema kweli. Nilikuwa natumia krimu ya bei ndogo ya kung'arisha uso niliyonunua duka moja la mjini. Kopo halikuwa na orodha ya viambato, ila lilikuwa na onyo kwamba usiguse dhahabu wala fedha baada ya kupaka. Mkiliona onyo hilo kwenye kopo lolote, liacheni dukani. Krimu inayoharibu vito ina uwezekano mkubwa wa kuwa na zebaki, kwa sababu zebaki hushikana na dhahabu na fedha. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, unakataza vipodozi vilivyotiwa zebaki, na kwetu Tanzania vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku. Tangu 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko TBS, ilitolewa TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Kwenye lebo zebaki inaweza kuandikwa "calomel" au "mercuric", wala sio lazima iandikwe kabisa. Ile krimu nilitupa, na uso ukaniwasha kwa muda kabla haujatulia.

Bibi akaniuzia kipande cha liwa, kijiti cha mti unaonukia, na jiwe la kusagia. Unga wake upo, tena umeshasagwa, bei chee, nami nilishaununua kabla. Unga ule unanukia sana unapofungua mfuko, na harufu inaisha kabla haujakauka usoni. Kijiti kinanukia kidogo mwanzoni. Unadondosha maji ya waridi kwenye jiwe, unasugua kijiti kwa mzunguko, taratibu, inatoka rojo nzito ya rangi ya mchanga. Unapaka nyembamba, inakaza uso ikikauka, unaosha kwa maji matupu. Usiku wake mto unanukia. Haijaniondolea madoa, nisiwadanganye. Imepunguza mafuta ya uso na vile vipele vya joto vya kwenye paji, basi. Kijiti kilinigharimu kuliko lile gauni, lakini kinaisha polepole mno.

Singo, ile ya kusugulia mwili, nayo nilijaribu, iliyosagwa pamoja na mlangilangi, asumini na karafuu. Kwa mwili ni tamu sana, jioni baada ya kuoga. Usoni karafuu inanichoma, kwa hiyo nimeiachia miguu na mikono.

Mafuta ya nazi ya kuchemsha ndiyo bidhaa ninayoipa alama za juu kuliko zote, kwa nywele. Kwa uso wenye mafuta kama wangu hapana, yanaziba vinyweleo. Angalieni chini ya chupa: kukiwa na tabaka la maji au ukungu, yatachacha ndani ya muda mfupi. Na kama mnataka kujua yamechanganywa au la, mpelekeeni shangazi Lushoto. Mafuta halisi ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na kule milimani asubuhi unayakuta meupe chupani.

Hina ya majani nampa bibi maksi zote, inatoka rangi ya chungwa na siku ya pili inakolea kuwa kahawia. Piko sikununua. Ile ni dawa ya kupaka nywele, nyeusi yake inatokana na kemikali inayoitwa PPD, na wapo wanaovimba na kutoka malengelenge pale pale palipochorwa ua. Bibi mwenyewe anaiuza, na alipoona naisoma pakiti akacheka akasema, "Maharusi wanaitaka, mwanangu, mimi nifanyeje?" Wanja wa kusaga usio na maandishi pia nimeuacha, mwingine una risasi, na unaingia machoni. Lipstiki za mezani nazichukua mara chache, zile zilizofungwa bado, nikitafuta kile kialama cha kikopo kilichofunuka chenye 12M au 24M. Hiyo ni miezi ya kutumia tangu siku ya kufungua, haihusiani na tarehe ya kuisha muda.

Kwa mnaotoka nje ya Tanga: njooni na noti ndogo, muuzaji akikosa chenji bei inapanda yenyewe. Vyumba vya kujaribia hakuna. Mimi huvaa dera pana na taitsi, najaribia gauni juu kwa juu, nikimwomba mama wa meza ya jirani anishikie zipu, na hajawahi kunikatalia mtu. Lundo jipya huwa bora siku robota linapofunguliwa, na siku hiyo inatofautiana meza kwa meza, kwa hiyo ombeni namba ya simu ya muuzaji, wengi wanapiga wenyewe mzigo ukifika. Ijumaa msije saa sita mchana, meza nyingi zimefunikwa turubai na wenyewe wako msikitini. Kuanzia saa nane wanafunua tena.