Uzoefu wangu na programu ya kuwalipa wenye mali katika duka la vitu vilivyotumika

Nianze na hukumu kabisa, maana najua wengine mtasoma aya moja na kuondoka. Programu hii inalifaa duka linalouza vitu vilivyotumika kwa mali kauli, na inalifaa hasa kwa ajili ya ukurasa mmoja: ukurasa wa salio la mwenye mali. Mengine iliyonayo ni ya kawaida, na mawili matatu yananikera hadi leo. Jina silitaji kwa kuwa nina malalamiko nayo, lakini nitakayoyasema ndiyo ya kuangalia katika programu yoyote ya kazi hii kabla hujatoa pesa yako.

Kwa asiyeijua biashara yetu: mtu analeta koti, mkoba, kabati au viatu vyake. Tunakubaliana bei, tunakiweka kitu dukani, kikiuzwa tunagawana. Kisipouzwa anakuja kukichukua. Kitu kinabaki mali yake mpaka mnunuzi anapokilipia, kwa hiyo pesa iliyomo kwenye droo ya kaunta jioni ni ya watu wengi na yetu imo humo humo. Duka la kawaida likivuruga hesabu linajipunja lenyewe. La kwetu likivuruga, limempunja mtu aliyetuachia mali yake kwa kauli tu, na habari za namna hiyo husambaa haraka kuliko tangazo lolote.

Kabla ya programu tulikuwa na daftari, baadaye Excel. Sina ubaya na Excel. Kwa duka lenye wenye mali wachache inatosha, na anayekwambia vinginevyo pengine ana kitu cha kukuuzia. Inapoelemewa ni pale kitu kimoja kinapopitia mambo mengi: kimeuzwa, kimerudishwa, kimepunguzwa bei, kimeuzwa tena, mwenyewe alishalipwa mara ya kwanza. Mstari mmoja wa jedwali haubebi historia hiyo, na mtu akianza kuongeza safu za maelezo pembeni, basi jedwali limegeuka barua.

Sasa huo ukurasa. Ukimfungua mwenye mali yeyote unakuta salio lake limekatwa vipande vitatu. Kipande cha kwanza ni pesa ya vitu vilivyouzwa ambavyo mnunuzi bado ana haki ya kuvirudisha. Cha pili ni pesa iliyo tayari kulipwa. Cha tatu ni iliyokwisha kulipwa, kila malipo na tarehe yake, njia yake, na orodha ya vitu vilivyohusika. Programu nyingine nilizozijaribu zilionyesha namba moja tu, "anadai kiasi fulani." Namba ya kweli, lakini haikusaidii mtu akisimama mbele yako.

Na wanasimama kweli.

"Dada, nimepita pale ndani, kabati langu silioni. Hela yangu iko wapi?"

"Limeuzwa, mama. Fungu lako hili hapa, ila muda wa mnunuzi kurudisha haujaisha. Tarehe hii hapa ndipo utakapolipwa."

Namgeuzia skrini aone mwenyewe, na maongezi yanahamia kwenye jambo lingine. Zamani hapo ndipo kelele zilipoanzia, kwa sababu "subiri kidogo" bila tarehe husikika kama uongo hata inapokuwa kweli. Muda wa kusubiri unaweza kuupanga kwa aina ya bidhaa. Vitu tunavyouza kwa sharti la kutorudishwa vinaingia moja kwa moja kwenye kipande cha pili, nguo zinasubiri. Programu inahesabu kuanzia siku ya mauzo, si siku mfanyakazi alipoyaingiza kwenye mfumo, jambo linaloonekana dogo mpaka mwisho wa mwezi ukutane na siku za mapumziko.

Kwenye mgawo pia sina neno baya. Kila kitu kinapopokelewa kinabandikwa mgawo wake siku ile ile na unakaa nacho. Ukibadilisha masharti ya duka, vitu vipya ndivyo vinavyofuata masharti mapya. Vya zamani vinabaki na makubaliano ambayo mwenye mali aliyatia saini. Ulizeni hili kabla ya kununua programu yoyote. Zipo zinazosoma mgawo kutoka kwenye akaunti ya mtu wakati wa kuuza, kwa hiyo ukimhamisha kutoka 50 kwa 50 kwenda 60 kwa 40, koti aliloleta zamani nalo linabadilika bila yeye kuambiwa.

Punguzo ndilo lenye mjadala mrefu zaidi. Chukua kitu cha 1,000 ambacho mgawo wake ni 60 kwa mwenyewe na 40 kwa duka. Kikipunguzwa asilimia 20 kinauzwa 800. Mkibeba punguzo wote wawili, yeye anapata 480 na duka 320. Likibebwa na duka peke yake, yeye anapata 600 yake kamili na duka linabaki na 200. Hakuna jibu moja sahihi. Kwetu, punguzo la ratiba ambalo liko kwenye mkataba tunalibeba pamoja, na punguzo ambalo mfanyakazi ameamua kaunta ili kumridhisha mteja linabebwa na duka. Programu inaruhusu kuzitenganisha aina hizo mbili, na kwenye taarifa ya mwenye mali inaonyesha bei ya lebo, punguzo, bei ya mauzo na fungu lake. Kwangu hapo imestahili pesa yake.

Kama mgawo wenu una ngazi, yaani vitu vya bei kubwa vinampa mwenyewe fungu kubwa zaidi, angalieni kama ngazi inapimwa kwa bei ya lebo au bei ya mauzo. Tuseme ngazi ya juu inaanzia 2,000: kitu cha 2,050 kinavuka mstari huo. Kikipunguzwa asilimia 20 kinauzwa 1,640 na kinashuka ngazi. Mwenye mali anapigwa mara mbili, bei imeshuka na asilimia yake imeshuka. Programu hii inakuuliza unataka ipi wakati wa kupanga mfumo, lakini imelificha swali hilo mahali ambapo ni mtu mwenye subira tu atakayelikuta.

Kodi na ada ya kadi zinafuata mantiki hiyo hiyo. Mteja akilipa 880 ambamo 80 ni kodi, mgawo unatakiwa ufanyike kwenye 800. Asilimia 60 ya 880 ni 528, na hizo 48 za ziada zitatoka mfukoni mwako, kwa kuwa kodi yote bado unadaiwa. Programu inalishika hili vizuri. Ada ya kadi unachagua ikatwe kabla ya mgawo au ibebwe na duka. Kama ni asilimia 3 ya 800, ni 24, na ikikatwa kwanza mwenye mali anapata 465.60 badala ya 480. Mimi naona ada ibebwe na duka, sisi ndio tuliochagua kupokea kadi. Anayeikata basi aiandike kwenye mkataba, asimwachie mtu aigundue kwenye risiti.

Kitu kilichorudishwa baada ya mwenyewe kulipwa ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Programu dhaifu inafuta mauzo, na kwa kufuta inaacha malipo yakining'inia bila sababu. Hii haifuti. Inaandika tukio jipya, inarudisha kitu kwenye orodha ya bidhaa, na, kwa kile kitu chetu kilichouzwa 800, inaweka 480 hasi kwenye salio la mwenye mali. Kitu kikiuzwa tena, hata kwa bei ya chini, hesabu inajisawazisha yenyewe. Taarifa inayomfikia ina maneno ya kawaida, "kimerudishwa na mnunuzi," si alama ya kutoa peke yake, kwa hiyo hapigi simu kwa hasira.

Sasa ya kunikera.

La kwanza ni kitufe cha kulipa. Siku ya malipo unachagua watu wote ambao salio lao limefika kiwango cha chini mlichoweka, programu inatoa faili la benki, na papo hapo inawahesabu wote kuwa wamelipwa. Benki ikikataa mmoja kwa sababu namba ya akaunti ina tarakimu iliyokosewa, huwezi kumrudisha huyo mmoja. Inabidi kufuta kundi zima na kuanza upya, au kumwandikia marekebisho ya mkono ambayo hayaonekani vizuri kwenye taarifa yake. Kwa programu ambayo kazi yake kuu ni kulipa watu, hili ni pengo kubwa. "Imetumwa" na "imepokelewa" yangekuwa mambo mawili tofauti.

La pili ni salio la kununulia dukani. Wenye mali wengi hupenda kuchukua bidhaa badala ya fedha, nasi tunawaongezea asilimia 10, kwa hiyo 500 inakuwa 550. Programu inaliweka salio hilo kwenye mfuko wa peke yake, na hilo ni sawa, kwa sababu bado ni deni la duka mpaka litumike. Shida ni mtu akibadili mawazo akataka fedha: inamlipa 550 yote. Nyongeza haiondoki. Tumelifunga kwa kumzuia mfanyakazi wa kaunta asiweze kugeuza salio hilo kuwa fedha. Anayeweza ni msimamizi tu. Ruhusa za watumiaji zenyewe zimetengenezwa vizuri, niseme ukweli, na kila badiliko la mgawo au bei linaacha jina la aliyelifanya na saa.

La tatu ni muunganiko na programu ya uhasibu. Ulivyokuja, ulikuwa unapeleka mauzo yote kama mapato yetu. Kwa mgawo wa 60 kwa 40, duka linaonekana kubwa mara mbili na nusu ya lilivyo. Hiyo ni sifa ya bure ambayo mtu wa kodi anaweza kuiamini. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu cha IFRS 15, kilichoanza kutumika Januari 2018, kinamtaka anayeuza kwa niaba ya mwingine aandike kama mapato kamisheni yake tu. Fungu la mwenye mali ni deni mpaka alipwe. Mipangilio ya kulirekebisha hili imo, mhasibu wetu aliipata, lakini mwenye duka asiye na mhasibu ataipataje? Huduma kwa wateja walijibu kwa kututumia kiungo cha ukurasa wa maelezo ambao ulieleza kitu kingine.

Kuhusu masalio yasiyofuatwa na mtu, programu ina ripoti inayoyapanga kwa umri, na ninaipenda kuliko nilivyotarajia. Watu huhama, hubadilisha namba, hufariki. Pesa hiyo haigeuki kuwa ya duka kwa sababu mwenyewe amekaa kimya. Katika majimbo ya Marekani, kwa mfano, sheria za mali isiyodaiwa zinataka masalio ya namna hiyo yakabidhiwe kwa jimbo baada ya muda fulani, na nchi nyingine kadhaa zina sheria za mwelekeo huo. Ripoti inatoa pia barua ya ukumbusho iliyokwisha kujazwa jina na kiasi. Kinachokosekana ni nafasi ya kuandika ndugu wa karibu wa mwenye mali. Tunaiandika kwenye sehemu ya maelezo, na sehemu hiyo haitafutiki.

Upande wa mwenye mali mwenyewe, anapata kiungo cha kuangalia vitu vyake na salio lake kwa simu. Wanaopenda kuangalia wanaangalia sana. Wengine hawajawahi kukifungua na wanataka kuambiwa kwa mdomo, nao pia ni wateja. Ujumbe wa simu kila kitu kinapouzwa tuliuzima, kwa sababu mtu akisoma "kimeuzwa" anafunga safari siku hiyo hiyo kufuata hela ambayo muda wake wa kusubiri haujaisha. Tumeacha ujumbe mmoja tu, ule wa pesa kuwa tayari.

Malipo ya programu ni ya mwezi kwa kila kaunta, si asilimia ya mauzo, na ningekushauri uukimbie mpango wowote wa asilimia: utakatwa hata kwenye fungu ambalo si lako. Kuhamisha data kutoka Excel kulikwenda vizuri kwa majina na bidhaa. Masalio ya zamani tuliyaingiza kwa mkono, mtu baada ya mtu, na tuliwatumia wenye mali taarifa ya mwanzo waithibitishe kabla hatujaanza kulipa kupitia mfumo mpya.

Nimewaandikia watengenezaji kuhusu kile kitufe cha kulipa. Wamejibu kwamba kiko kwenye orodha ya maboresho bila kutaja lini. Wanatoa punguzo kwa anayelipia mwaka mzima. Mimi bado nalipia mwezi mmoja mmoja, na siku watakapotenganisha "imetumwa" na "imepokelewa" nitalipia mwaka.