Umejaza petroli ya oktani ndogo kwenye gari la kasi: chupa ya busta inasaidia?

Karibuni tena, wadau. Hizi mnazoziona mezani ni chupa za kuongeza oktani, zile zinazoitwa busta. Nimeamua kuzichambua kwa sababu swali halikauki: mtu ana gari la kasi, lina turbo, kifuniko cha mafuta kimeandikwa 98. Anaingia sheli, anazubaa na simu, akija kutazama pampu inasoma lita 40 za 91. Anatoka pale moyo unamdunda, duka la kwanza la vipuri analoliona anasimama na kununua chupa. Hela yake imeenda pazuri?

Kwa wengi wenu, hapana. Na hata kabla sijazifungua hizi chupa kuna mambo ya kuwekana sawa. Majina ya kampuni nimeyabandika utepe juu, nataka tutazame kilichomo ndani.

Oktani haipimi nguvu ya mafuta. Lita ya 98 haina moto mkali kuliko lita ya 91, hilo watu wengi wanalichanganya, hata wauzaji. Inapima uvumilivu: petroli inastahimili kubanwa na joto kiasi gani kabla haijawaka yenyewe bila kungoja plagi. Kipimo kilianza miaka ya 1920 na kimejengwa juu ya vimiminika viwili, isooktani iliyopewa 100 na heptani iliyopewa 0. Petroli ya 91 inavumilia sawa na mchanganyiko wenye isooktani asilimia 91 na heptani 9. Basi.

Sasa injini za kasi zinabana kwelikweli. Porsche 911 GT3 ya kizazi cha 992 ina kompresheni ya 13.3 kwa 1, yaani mchanganyiko wa hewa na mafuta unabanwa mpaka nafasi ndogo mara 13.3. Nissan GT-R R35 ukiisoma kwenye karatasi utaiona pole, 9 kwa 1, ila turbo zake mbili zinashindilia hewa mpaka inakuwa balaa lile lile. Plagi ikitoa cheche, moto unasambaa kutoka pale ulipoanzia. Mchanganyiko ambao haujafikiwa na moto unabanwa pembeni, unazidi kupata joto, na oktani ikiwa haitoshi unaripuka wote kwa mkupuo. Mripuko huo ndio unaoitwa kugonga, na sauti yake ni kama kokoto ndani ya kopo.

Sauti yenyewe haikuumizi. Kinachoumiza ni kwamba mawimbi ya shinikizo yanakwangua ule utando mwembamba wa gesi yenye ubaridi uliokuwa umeikinga pistoni, na joto linapata njia ya kuingia kwenye alumini. Ikiendelea hivyo kwa nguvu, kingo za pistoni zinamong'onyoka na ule ukingo mwembamba kati ya ringi na ringi unavunjika. Hapo hakuna chupa, ni kushusha injini.

Mbona basi magari hayafi kila siku? Kwa sababu magari haya ya kisasa yana sensa ya kugonga, kidude kidogo kilichokazwa kwa bolti kwenye bloku. Ndani kuna kipande kinachotoa umeme kikitikiswa, na kazi yake ni kusikiliza mtikisiko wa kilohezi 6 au 7 hivi, kutegemea upana wa silinda. Kikiusikia, kompyuta inachelewesha cheche kwa digrii chache, na kama kuna turbo inapunguza pia msukumo wa hewa. Nguvu inapungua, injini inabaki nzima.

Mazda wameliweka hili hadharani. Injini yao ya lita 2.5 ya turbo, iliyokuja na CX-9 ya mwaka 2016, walitangaza Marekani kwamba inatoa nguvu farasi 250 kwa mafuta ya 93 na 227 kwa mafuta ya 87. Farasi 23 wanalala zizini, na hakuna kilichovunjika. Ingawa injini ile ilisanifiwa tangu mwanzo ikubali 87, kwa hiyo mwenye GT3 asiichukue kama ruhusa.

Na hizo 93 na 87 ni namba za Marekani, msizisome kwa macho ya Ulaya. Duniani sehemu kubwa pampu huandikwa RON, njia mojawapo ya kupima oktani. Marekani na Kanada wanachukua wastani wa RON na MON, kipimo kingine kigumu zaidi, ndiyo maana namba zao huwa ndogo kwa mafuta yale yale. Ile 91 yao inakaribia 95 ya RON. Kuna watu wameagiza gari la soko la Marekani, kitabu kinasema 91, wanajaza 91 ya RON kwa imani kubwa, mwaka mzima. Hao wanakosea kila wanapojaza na hawajui. Japani nako viwango vyao vinataka mafuta ya kawaida yasipungue RON 89 na yale ya juu yasipungue 96. Gari lenye kibandiko cha mafuta ya juu kutoka kule, ukilijaza 91, umelinyima.

Tazameni sasa hii video ya pembeni. Simu imeunganishwa na kidude cha OBD, kile cha kusoma kompyuta ya gari, kilichochomekwa chini ya usukani, gari ni Subaru ya turbo, tankini kuna mafuta ya chini kuliko kitabu kinavyotaka. Dereva ni mwenzangu, mimi nashika simu. Namba ya juu ni kizidishi cha cheche. Ikiwa 1, kompyuta inayaamini mafuta. Tukitembea taratibu imetulia, 1, wala haina habari. Sasa yuko gia ya tano, mzunguko uko chini, mlima mbele, anakanyaga mpaka chini... mmeona ile safu ya pili? Imegeuka hasi. Cheche inarudishwa nyuma. Akiachia mguu, hasi inaanza kufutika. Na mkitega sikio hamsikii kokoto yoyote, kelele za barabara zimefunika. Nimeirudia kuitazama kwa sababu watu wengi wanasema "mbona langu haligongi." Unajuaje, umesikiliza na nini?

Kinachotokea pale mlimani ndicho kibaya kuliko vyote: gia kubwa, mzunguko mdogo, mguu wote chini. Kwenye injini za turbo zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, hapo ndipo hutokea hata ule uwakaji wa kabla ya cheche, ambao ni hatari zaidi kwa sababu kompyuta haiwezi kuuzuia kwa kuchelewesha cheche. Cheche yenyewe haijafika bado. Kwa hiyo ukishajua umejaza vibaya, shusha gia mapema, acha injini izunguke kwa wepesi, usivute tela, usishindane na mtu. Sijasema utembee kama unabeba mayai, endesha kawaida tu bila fujo.

Haya, chupa.

Ya kwanza hii, mililita 350, mgongoni imeandikwa inatosha tanki la lita 60. Ukifungua unasikia harufu ya rangi na thina, na orodha ya viambato inathibitisha: tolueni na wenzake. Tolueni ni kitu kizuri, oktani yake inakaribia RON 120. Tatizo ni hesabu. Mililita 350 ndani ya lita 60 haifiki hata asilimia 0.6. Ukichanganya na petroli ya 91 unapata 91.2 hivi. Ili tolueni peke yake ikutoe 91 ikufikishe 95, kwenye tanki la lita 60 ungehitaji lita 8 zake. Yaani chupa zaidi ya ishirini. Hii naiweka pembeni, inafaa kusafishia brashi.

Ya pili ni mnyama mwingine. Humu kuna MMT, kiambato chenye metali ya manganizi, na chenyewe kinafanya kazi hata kwa matone. Kinazuia mnyororo wa kemia unaoanzisha mripuko, ndiyo kazi ile ile iliyofanywa na madini ya risasi tangu Thomas Midgley na wenzake wa General Motors walipoigundua mwaka 1921. Petroli yenye risasi ilisumbua dunia karibu miaka mia, nchi ya mwisho kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria mwaka 2021. MMT haina sumu ya risasi, lakini nayo haiondoki bure. Hii plagi niliyoishika imetoka kwenye injini inayolishwa busta ya manganizi mara kwa mara. Kauri nyeupe pale nchani imegeuka rangi ya chungwa, ukikwangua kwa ukucha inatoka unga. Unga huo huo unafuata moshi mpaka kwenye sensa ya oksijeni na kataliti, kile kisafisha moshi. Umoja wa Ulaya tangu 2014 unaruhusu manganizi miligramu 2 tu kwa lita ya petroli. Zipo pia busta za ferosini, zenye chuma ndani yake. Hizo masalia yake ni mekundu na yanapitisha umeme, plagi ikishapakwa inaanza kukosa cheche.

Halafu tazameni hapa mbele, maandishi makubwa: "Inaongeza pointi 30." Mtu anapiga hesabu, 91 kujumlisha 30, anajiona ana mafuta ya ndege. Kwenye biashara hii pointi moja ni sehemu ya kumi ya oktani. Pointi 30 ni oktani 3, na hiyo ni siku njema, mafuta yakikubali. Hawajadanganya, ila wanajua kabisa wewe utasomaje.

Dawa ya kweli iko kwenye pampu ile ile. Oktani zikichanganywa zinakaribia sana wastani wa kawaida wa lita. Tuseme tanki ni la lita 60, lilikuwa na lita 10 za 98, ukaweka 20 za 91 kabla hujashtuka. Una lita 30 za 93.3. Ongeza 30 za 98 hapo hapo, unapata 95.7. Gari linalotaka 95 limepona kabla hujaondoka sheli. Kama umejaza tanki zima la 91, tembea kwa adabu mpaka libaki nusu, jaza 98, uko 94.5. Rudia likifika nusu tena, umevuka 96. Kunyonya mafuta yote kwa tofauti ya ngazi moja kwenye gari lisiloguswa kompyuta, mimi sioni haja, na mvuke wa petroli gereji unawaka kirahisi kuliko mnavyofikiri.

Usishangae nguvu isiporudi siku hiyo hiyo. Kompyuta nyingi zina kumbukumbu, zinasogeza cheche mbele kidogo kidogo zikijaribu kama hali imetulia.

Nimesema gari lisiloguswa kompyuta kwa makusudi. Kama limeandikiwa programu mpya kwa ajili ya 98 au zaidi, fundi ameshaila ile akiba aliyoiacha mtengenezaji, na sensa inaweza kuchelewa kukuokoa. Hilo ndilo gari la kunyonya tanki, au usilikanyage kabisa mpaka umpate fundi aliyeliandikia. Magari ya zamani ya kabureta yasiyo na sensa nayo yanasikilizwa kwa sikio tu: ukisikia kokoto, toa mguu.

Basi busta ya manganizi naipa nafasi moja. Uko mbali, mbele hakuna pampu yenye mafuta ya juu, gari linataka 95 na kilichopo ni 91. Hapo imimine kwanza, kisha ujaze ili ichanganyike, na usizidishe kipimo cha chupa. Kuitumia kila ukijaza ndiko kunakozaa plagi za rangi ya chungwa.

Kuna wanaoniandikia "nimeweka mafuta siyo," kumbe wameweka dizeli. Hiyo oktani yake iko chini kabisa, na hakuna busta ya kuifidia. Usiwashe. Hata swichi usiizungushe, kwenye magari mengi pampu ya tankini inaanza kusukuma mara tu unapofungua swichi, na dizeli inafika kwenye injekta. Weka gia huru, lisukume gari pembeni, ita gari la kuvuta. Kama uliwasha tayari, zima pale pale ulipo.