Fleshi ya GB 32 kwa matumizi ya kila siku Lubumbashi: uzoefu wangu

Nina sekretaria ndogo upande wa barabara ya Kasapa, Lubumbashi. Tunachapa, tunatoa fotokopi, tunaskani, tunajalidi. Wateja wengi ni wanafunzi wa UNILU, yaani Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na karibu kila mmoja anaingia na fleshi mkononi. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa hayatoki kwenye kifaa kimoja tu. Mezani kwangu zinapita za kila aina, na zinazokufa zinafia hapohapo mbele yangu, mwenyewe akiwa amesimama.

Yangu ni Kingston DataTraveler Kyson ya GB 32. Niliinunua kwenye duka la kompyuta mjini kwa dola nane. Nilitoa noti ya kumi, chenji nikapewa kwa franka, maana noti ya dola moja hapa kwetu hakuna anayeitaka. Ni ya chuma mwili mzima, haina kifuniko, na nyuma ina tundu la kupitishia pete ya funguo. Tangu nimeinunua inaning'inia na funguo za duka.

Hicho chuma ndicho nilichokilipia. Kiangazi, vumbi jekundu la mji huu linaingia hadi ndani ya bahasha zilizofungwa. Fleshi ya plastiki yenye kifuniko cha kuchomoa inapoteza kifuniko mapema, halafu mdomo wake unaanza kukusanya vumbi na makombo ya mfukoni. Kwenye droo nina mswaki mkavu wa kuzisafishia kabla sijazichomeka. Wengine wananicheka, lakini mashine ni zangu. Nyingine gamba lake linaachana katikati: mteja anavuta, anabaki na plastiki mkononi, kichwa kimebaki kwenye kompyuta. Ya chuma isiyo na maungio haina mchezo huo.

Mtu wa kawaida huku, fleshi yake haikai kwenye kompyuta yake, kwa sababu kompyuta hana. Inazunguka kwenye mashine za watu: kwangu, ofisini kwa profesa, kwenye fotokopi ya parokia, kwenye redio ya taksibasi, kwenye televisheni ya jirani. Ndiyo maana mtu akiniomba ushauri simuulizi anataka kasi gani. Namuuliza ataichomeka wapi.

Kasi yenyewe nitaisema kwa kifupi. Kingston wanaandika kwamba Kyson inasoma hadi MB 200 kwa sekunde. Hiyo ni kwenye mlango wa USB 3, ule ambao mara nyingi una plastiki ya bluu ndani. Kwenye kompyuta za zamani zenye USB 2.0, mlango wenyewe hata kinadharia hauvuki MB 60 kwa sekunde, na kiuhalisia unapata nusu yake hivi. Huko fleshi ya dola nane na ya dola nne zinasoma karibu sawa. Tofauti inakuja kwenye kuandika. Nyingi za bei ya chini zinaandika MB 5 hadi 10 kwa sekunde. Faili la Word halitajua, lakini video za harusi za GB 8 kwa MB 5 zitachukua karibu nusu saa, na nusu saa ya umeme bila kukatika mimi siwezi kumwahidi mtu.

Kwa nini GB 32 wakati ya 64 ilikuwepo, bei imezidi kidogo tu? Kwa sababu ya zile mashine za watu. Fleshi za hadi GB 32 kwa kawaida zinatoka kiwandani zikiwa na mfumo wa kupangia mafaili unaoitwa FAT32, na karibu kila kitu chenye tundu la USB kinausoma: redio ya gari, televisheni ya zamani, mashine kubwa ya fotokopi. Za GB 64 na kuendelea kwa kawaida zinakuja na mfumo mwingine, exFAT. Kompyuta itaisoma bila shida, lakini redio ya gari inaweza kukuandikia kwamba hakuna kitu. Kasoro ya FAT32 ni moja: faili moja haliwezi kufika GB 4. Ukijaribu kunakili filamu ya GB 5, Windows itakuambia faili ni kubwa mno hata kama nafasi ipo tele. Mwenye filamu nzito achukue 64. Mwenye kozi, barua, picha za pasi na nyimbo za kwaya, 32 inamtosha na inabaki. Usishtuke kompyuta ikikuonyesha 29 hivi badala ya 32. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024, hujaibiwa.

Wizi wa kweli uko kwingine. Mjini wapo vijana wanaotembeza fleshi zilizoandikwa TB 2 (yaani GB 2000 hivi), dola kumi, na ukisita zinashuka hadi saba. Mwanafunzi mmoja aliniletea kazi yake ya kumaliza lisansi kwenye fleshi ya namna hiyo, siku ya mwisho ya kuweka kazi sekretarieti ya fakulte. “Yaya, unisaidiye. Majina iko, lakini haifunguke.” Na kweli, majina ya mafaili yote yalikuwepo, ukubwa wa kila faili unaonekana, tarehe zipo. Ukifungua, Word inalalamika.

Fleshi hizo zimefundishwa kudanganya. Ndani kuna kijichipu cha GB 16 au 32, na programu ya kiwandani imebadilishwa ili itangaze TB 2. Unapoandika, kila kitu kinaenda vizuri hadi chipu ijae. Baada ya hapo kinachoingia kinatupwa, au kinaandikwa juu ya vya zamani. Orodha ya majina inakaa mwanzoni mwa fleshi, sehemu ambayo ni ya kweli, ndiyo maana unaona majina bila vitu vyenyewe. Hakuna fundi wa kukurudishia kitu ambacho hakikuwahi kuandikwa. Bahati ya kijana yule, sura tatu zilichapwa kwangu na nilikuwa na nakala. Nyingine alizitoa kwenye barua pepe aliyomtumia profesa. Gamba tulilifungua: ndani, kadi ndogo kama ya simu imebandikwa kwa gundi, na nafasi nyingine yote ni hewa.

Anayedhani TB 2 kwa dola kumi ni bahati yake, akumbuke kwamba Kingston wenyewe walipoitangaza fleshi yao ya TB 2 mwaka 2017, DataTraveler Ultimate GT, ilikuwa na urefu wa milimita 72 na unene wa milimita 21. Haikuwa kitu cha kufungia kwenye ufunguo.

Jina kubwa kwenye pakiti pia halitoshi, kwa sababu majina makubwa ndiyo yanayoigwa. Kwa hiyo kabla ya kulipa nilimwambia muuzaji: “Papa, nitaenda kuipima. Ikikatala, ninairudisha, sawa?” Akasema hakuna shida, mama. Angeanza kuzunguka-zunguka, ningetoka. Kingston wanaandika dhamana ya miaka 5, lakini ukiwa Lubumbashi dhamana ya kutegemea ni ya huyo papa, na duka lake linajulikana lilipo.

Nilipofika niliipima kwa H2testw, programu ya bure ya Windows iliyotoka kwenye gazeti la kompyuta la Ujerumani, c't. Inajaza fleshi yote kwa data yake, kisha inaisoma na kulinganisha. Wenye Linux wana F3, inafanya kazi hiyohiyo. Kipimo kifanyike fleshi ikiwa tupu, na umeme ukiwepo: ya GB 32 inayoandika MB 10 kwa sekunde itamaliza karibu saa nzima kwenye kuandika tu. Yangu ilimaliza upesi zaidi na haikutoa kosa hata moja. Fleshi yoyote mpya, hata ya zawadi, siiwekei kazi ya mtu kabla ya kipimo hicho.

Kuhusu virusi, Kyson haikukingi na chochote, kama fleshi nyingine za bei hii. Kwenye mashine za zamani za Windows 7 bado kuna vile virusi vinavyoficha mafolda yako na kuweka njia za mkato (shortcut) zenye majina yaleyale. Ukiona fleshi inaonekana haina chako huku nafasi ikionyesha imejaa, usibofye zile njia za mkato. Fungua dirisha la amri (cmd), andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ikiwa ndiyo herufi ya fleshi yako), na mafolda yatarudi kuonekana. Kisha nakili yako, safisha fleshi kwa programu ya kuzuia virusi. Na umeme ukikatika katikati ya kunakili, halafu Windows ikakuomba kuifomati fleshi, kataa kwanza. Programu ya PhotoRec, nayo ni ya bure, mara nyingi inaokoa vilivyomo.

Kwa mwenye dola chache, SanDisk Cruzer Blade ninaiona sana kwa wateja na sina neno nayo: ni ya plastiki, ndogo, haina kifuniko cha kupoteza. Ni USB 2.0, kwa hiyo ni ya maandishi zaidi kuliko video. Ipimwe vilevile.

Kitu kimoja ninachokitamani na Kyson haina ni kiswichi cha kuzuia kuandika, ili nikiichomeka kwenye mashine ya mtu isome tu, virusi visipate mlango. Kampuni ya Kimarekani inayoitwa Kanguru inatengeneza fleshi zenye kiswichi hicho, FlashBlu30. Kwenye maduka ya hapa sijaikuta bado. Anayeijua inapouzwa Lubumbashi, au hata Kasumbalesa, aniandikie na bei.